Fundi Anayeingia Mwisho



Wasikilizaji wangu wa Voi na wa Taita Taveta nzima, leo nina swali la kuanzia. Nyumba inapojengwa, ni nani anayeingia mwisho kabla ya mwenyewe kuhamia?

Hebu fikirini. Wa kwanza ni mpima kiwanja. Anafuata mchimba msingi. Halafu mwashi na watu wake wa mkono, na mchanga, na kokoto, na simiti. Kuta zinapanda. Zikifika kwenye linta majirani wanaanza kusema, "Ala! Kumbe fulani anajenga!" Na baada ya hao wote kuja na kuondoka, ndipo anapoitwa huyu ninayetaka tumzungumzie leo: fundi wa kufunga. Yule anayefunga mabati, anayefunga milango na madirisha, anayefunga dari, mabomba, sinki na tangi la maji, anayefunga nyaya za umeme na paneli za sola. Kitu chenyewe hakukitengeneza yeye. Bati limetoka kiwandani Mariakani, dirisha limechomelewa pale mjini, paneli imetoka ng'ambo. Kazi yake ni kukiweka mahali pake, kikae, kisivuje, kisianguke, kifanye kile kilichonunuliwa kifanye.

Anaingia mwisho. Nishikieni neno hilo, maana nitalirudia: fundi wa kufunga anaingia mwisho, na karibu utamu wote na uchungu wote wa kazi yake unatokea hapo.

Tuanze na uchungu.

Kabla ya kushika maikrofoni nilishika nyundo, kwa hiyo ninayosema ninayajua kwa mikono. Fundi wa paa akifika kwenye nyumba, hapandi juu kwanza. Anatoa tepu, anampa mwenzake ncha moja, wanapima kona kwa kona. Kutoka kona ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto. Kisha mbele kushoto hadi nyuma kulia. Vipimo viwili vikilingana, nyumba iko skwea. Visipolingana, fundi anapima tena. Anamtazama mwenzake. Hakuna anayesema neno, kwa sababu wote wawili wanajua kwamba kosa la mtu aliyeshalipwa akaenda zake sasa limekuwa lao.

Mtaniuliza, kwani inchi mbili tatu zina nini? Kwa mwashi hazina neno, plasta itazificha. Lakini bati limenyooka tangu kiwandani na halijui kupinda ili kumsitiri mtu. Ukilipanga kwa kuufuata ukuta uliokwenda kombo, kila bati linaacha meno kwenye ukingo wa paa, na maji ya mvua yanaukosa mfereji yanamwagikia ukutani. Ukilinyoosha lenyewe, feshabodi inaonekana imekwenda mrama. Mwenye nyumba akisimama uani atasemaje? Atasema, "Fundi, mbona umenipindia paa langu?" Hatauliza habari za msingi, kwa sababu msingi uko chini ya udongo.

Madirisha ni yale yale. Fremu imepimwa futi nne kwa nne, nafasi iliyoachwa ukutani ni futi nne kasoro inchi moja. Fundi anachukua tindo anaanza kuchonga. Nusu siku imekwenda, na nusu siku hiyo haimo kwenye bei waliyopatana. Basi nirudie: anayeingia mwisho anarithi makosa ya waliomtangulia, na anarithi bila malipo.

Kuna jua. Wa Voi hamhitaji kuhadithiwa. Bati lililoanikwa tangu asubuhi, ikifika saa sita halishikiki kwa mkono mtupu. Goti linaungua kupitia suruali. Kwa hivyo fundi anayeijua kazi hii huku bondeni hupanda kunapopambazuka, akashuka saa tano, akajilaza chini ya mwarobaini, akarudi juu saa tisa na nusu jua likiwa limelegea. Wako wenye nyumba wakimkuta amelala saa saba wananung'unika kwamba wanalipia siku nzima. Mama, baba, mwache alale. Mtu kichwa kikimzunguka kule juu hana ukuta wa kushika.

Na kuna upepo. Mabati huanza kupangwa upande ule upepo unakoelekea, si upande unakotokea, ili kila bati linalofuata lilalie lenzake na mdomo wake uupe upepo mgongo. Ukipanga kinyume, siku ya dhoruba upepo unapata pa kutia kidole, na ukishatia kidole utavuta mkono mzima. Msumari unapigwa kwenye mgongo wa bati, haupigwi bondeni, kwa sababu maji yanapita bondeni. Na ile raba iliyo chini ya kofia ya msumari, ukiigonga sana inapasuka, ukiigonga kidogo inavuja, na jua letu linamalizia. Mkono wa fundi ndio unaojua pa kuishia. Hayo yote ukiwa chini huyaoni. Unasikia ko, ko, ko, unadhani unalipia kugonga.

Milimani ni habari nyingine. Werugha, Mghange, Wundanyi, kule mbao zinateleza kwa manyunyu, na nyumba imejengwa kwenye mteremko: mbele urefu wa mtu, nyuma urefu wa ghorofa. Ngazi haina pa kusimama. Lori limeishia barabarani, mabati yanapandishwa kichwani kwa njia ya mguu, na upepo ukivuma aliyelibeba anageuzwa nalo. Fundi wa Voi akiitwa kule hupandisha bei, na ana haki.

Sasa tuje kwenye pesa. Hapa naomba tusikilizane vizuri, wenye nyumba na mafundi pia, maana hapa ndipo watu wema wanapoharibiana.

Sisi wengi hujenga kidogo kidogo. Mshahara kidogo, chama kidogo, sacco kidogo, ng'ombe wawili wameuzwa, kijana aliye Mombasa au Qatar ametuma chochote. Na kila hatua hula zaidi ya ilivyopangiwa. Msingi ukikuta mwamba, mwamba unakula pesa za madirisha. Simiti ikipanda bei, inakula pesa za dari. Hakuna anayekusudia ubaya. Lakini pesa zinaliwa kwa zamu, na zamu ya mwisho inamkuta nani? Inamkuta yule yule anayeingia mwisho. Mfuko umebaki na pesa za kununua mabati, hauna pesa za kuyapandisha.

Sikilizeni mazungumzo haya. Fundi yeyote anayenisikia atayatambua.

"Mama, kazi imekwisha. Karibu uikague."

"Ahsante baba, kazi nzuri. Mungu akuzidishie. Sasa fundi, shika hizi kwanza. Zilizobaki nitakutumia kwa simu mwisho wa mwezi."

"Mama, si tulipatana…"

"Najua mwanangu, tulipatana. Lakini si unaona mwenyewe hali ilivyo?"

Anaona. Hapo ndipo pagumu. Anaona chumba ambacho hakijapigwa plasta, anaona watoto waliorudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Yule mama si mwizi, na fundi hana moyo wa kumpigia kelele mtu mzima mbele ya wajukuu wake. Anakusanya vyombo vyake, anaondoka. Mwisho wa mwezi anapiga simu, haipokelewi. Anapiga tena, imezimwa. Huku kwake nyumbani naye kuna mama mwingine anamuuliza, "Umelipwa?"

Kwa nini fundi huyu ni rahisi kudhulumiwa kuliko muuza duka? Kwa sababu muuza duka hakupi unga mpaka pesa ziwe mkononi mwake. Fundi wa kufunga, kazi yake ikishafungwa, imekwisha kuwa mali yako. Hawezi kung'oa bati alilolipigilia. Akipanda kung'oa, polisi wataitwa, na kesi itakuwa yake. Anatoa kila alichonacho kwanza, halafu ndipo anaomba alipwe.

Na msidhani ni kwa nyumba ndogo tu. Kwenye majengo makubwa deni linashuka ngazi. Ofisi haijamlipa kontrakta mkubwa, kontrakta mkubwa hajamlipa mdogo, mdogo anamwambia fundi, "Ndugu yangu, hata mimi sijalipwa." Kila mmoja anasema kweli, na kweli zote hizo zinamwangukia kijana aliyeshika bisibisi.

Basi tufanyeje? Mimi nasema karatasi. Si mkataba wa kurasa kumi. Karatasi moja ya daftari: kazi ni ipi, bei ni kiasi gani, nani ananunua misumari, pesa zinalipwa kwa awamu zipi. Sahihi mbili na shahidi mmoja. Sehemu ilipwe kenchi zikisimama, sehemu upande wa kwanza wa paa ukikamilika, na salio kabla ya kofia ya paa kufungwa. Wako mafundi wenye busara ambao kofia ya paa huibakiza makusudi. Mapema wanamwambia mwenye nyumba, kwa heshima, kwamba siku ya kofia ndiyo siku ya salio. Mimi sioni ukorofi hapo. Akijua tangu mwanzo, atajipanga.

Na kama mambo yameharibika kabisa, iko mahakama ya madai madogo. Sheria yake ni ya mwaka 2016, na ilianza kusikiza kesi mwaka 2021. Inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, yakiwemo ya mtu aliyetoa huduma asilipwe, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Si lazima uwe na wakili. Lakini hakimu atakuuliza, "Mlipatana nini?" Hapo ile karatasi ya daftari itakusemea. Hata ujumbe wa simu usiufute. Hata ile taarifa ya M-Pesa ya awamu ya kwanza, ihifadhi. Mkiwa Voi, pitieni pale mahakamani muulize utaratibu.

Mko nami? Haya.

Kuna uchungu mkubwa kuliko deni, nao ni kuanguka.

Nawauliza, tembeeni Mwakingali, tembeeni Sofia, tembeeni Ikanga zinakoota nyumba mpya kila siku. Ni wapi mmemwona fundi wa paa amevaa mkanda wa usalama uliofungwa mahali? Mtaona jukwaa la miti limefungwa kwa kamba ya katani. Katani ni yetu, mashamba ya Mwatate yanajulikana dunia nzima, na kamba mpya ya katani ni imara. Lakini kamba hiyo hiyo ikishakaa juani misimu miwili, ikahamishwa nyumba hadi nyumba, haibebi mtu. Utaijua kwa kuikunja: ikitoa vumbi na nyuzi fupi fupi, itupe. Kamba mpya ni bei ya chakula cha mchana cha watu wawili.

Hatari kazini si jambo geni huku kwetu: wanaoishi hapa wanajua habari za simba wa Tsavo. Mwaka 1898 reli ilikuwa inavuka mto Tsavo, simba wawili wakawa wanawatoa wafanyakazi hemani usiku na kuwala. Dunia inamkumbuka Patterson, mhandisi aliyesimamia ujenzi wa daraja la pale na aliyewaua simba hao mwezi wa Desemba, na simba wenyewe wako kwenye jumba la makumbusho huko Chicago mpaka leo. Mimi huwakumbuka vibarua. Wengi wao walitoka India, na ilifika siku wakasema basi, hatukuja hapa kuwa chakula cha simba. Wakaparamia treni wakaondoka, na kazi ya daraja ikasimama kwa wiki kadhaa. Walikataa kufanya kazi mahali pa kufia. Kila mara hadithi hiyo inasimuliwa kwa upande wa bunduki, na mimi naona upande wa vibarua ndio unaotuhusu zaidi sisi tunaopanda mapaa.

Kwa sababu leo sheria inatuunga mkono. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga bila kuwatoza. Na inasema mfanyakazi akiona hatari kubwa iliyo karibu, amwambie msimamizi wake, na asirudishwe pale mpaka hatari iondolewe. Sijui ni vijana wangapi wa mjengo waliowahi kusomewa jambo hilo. Basi leo nimewasomea.

Iko sheria nyingine, ya fidia kwa wanaoumia kazini, ya mwaka huo huo wa 2007. Wakenya tumezoea kuiita WIBA. Ilibishaniwa mahakamani miaka mingi, hadi Mahakama ya Juu ilipoikubali mwezi Desemba 2019. Chukueni kalamu. Umeumia? Mwambie mwajiri siku hiyo hiyo, mbele ya mtu. Mwajiri anatakiwa kutoa ripoti kwa idara ya usalama kazini ndani ya siku 7. Kama mtu amekufa, ndani ya saa 24. Na dai la fidia liwasilishwe kabla ya miezi 12 kupita tangu siku ya ajali. Narudia kwa aliyekuwa anatafuta kalamu: siku 7 kwa mwajiri, miezi 12 kwa dai. Wengi wanaikosa haki yao kwa sababu walikaa nyumbani wakiuguza mguu wakisubiri huruma, na mwaka ukapita.

Sasa, mafundi wenzangu, hapa nitawagusa nyinyi. Unapopewa kazi ya paa kwa bei ya jumla, halafu ukamchukua kijana wa jirani akushikie ngazi na kukupitishia mabati, nani amemwajiri yule kijana? Si mwenye nyumba. Ni wewe. Unamlipa wewe, unamwamuru wewe. Akianguka, mbele ya sheria wewe ndiwe mwajiri wake. Wengi wetu tunalia juu ya wanaotuajiri, na huku tuna mtu wa mkono asiye na viatu, anatembea juu ya kenchi na ndara. Mnunulie viatu kabla hujajinunulia drili mpya. Ninalisema hili kwa uzito kwa sababu nimezika kijana wa aina hiyo, na mama yake hakuwa na wa kumuuliza.

Hospitali nayo ni suala. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 tuko kwenye bima ya afya ya SHA badala ya ile ya NHIF. Kwa asiye na mshahara wa mwezi, mchango unaanzia shilingi 300 kwa mwezi, lakini unatakiwa kulipa wa mwaka mzima kwa pamoja. Kwa mtu ambaye mwezi huu ana kazi tatu na mwezi ujao hana hata moja, huo ni mlima. Ushauri wangu ni mmoja tu: mwezi ule wenye kazi tatu, lipa SHA kabla pesa hazijapata majina mengine.

Hiyo ya mwezi wa kazi na mwezi wa njaa, hebu tuitazame kidogo, kwa maana Voi imeionja kwa kiwango kikubwa. Mnakumbuka reli ya SGR? Ujenzi ulianza mwishoni mwa 2014, na treni ya kwanza ya abiria ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017. Katikati hapo Voi ilijaa kazi. Vijana walitoka Kishushe, walitoka Taveta, walitoka Kasigau. Walifunga vyuma, walifunga mataruma, walifunga nyaya na mabomba ya stesheni, pale Voi na kule Miasenyi. Vyumba vya kupanga vikapanda bei, wenye ploti wakajenga haraka haraka, na mafundi wa kufunga wakapata kazi mara mbili: mchana kwenye reli, jioni kwenye nyumba za wanaopangisha wafanyakazi wa reli.

Halafu treni ikaanza kupita, kambi zikafungwa. Ndivyo ilivyo kazi ya ujenzi: ukimaliza vizuri, umejifukuza kazi mwenyewe. Vijana walirudi nyumbani na mikono iliyojua mengi. Lakini walirudi bila karatasi. Unamuuliza, "Ulifanya kazi gani kule?" Anakueleza, na ukimsikiliza unajua huyu ni fundi kamili. Unamuuliza, "Una cheti?" Anatazama chini.

Kwa hiyo nasema tena, karatasi. Sasa si karatasi ya mapatano, ni karatasi ya ujuzi. Mamlaka ya mafunzo ya viwanda, NITA, ina mitihani ya madaraja: unaanza la tatu, la pili, hadi la kwanza. Huhitaji kuwa ulikaa darasani miaka. Unafanya kazi mbele ya mtahini, anaitazama. Hapa Voi tuna Coast Institute of Technology, na kaunti ina vyuo vya ufundi, ingieni muulize. Mamlaka ya ujenzi, NCA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2011, nayo inawaandikisha mafundi stadi na wasimamizi. Na ukitaka kufunga umeme au sola kihalali, leseni inatoka kwa mamlaka ya nishati, EPRA. Ya sola ina ngazi zake, T1, T2 na T3. Najua mtaniambia hizo zote ni ada na safari. Ni kweli, na ninaona serikali ingefanya vyema zaidi kuwafuata mafundi Wundanyi na Taveta kuliko kuwangoja ofisini. Lakini mradi mkubwa ujao utakapofika, anayesimamia mlango hatakujaribu mkono. Atauliza karatasi.

Nimetaja sola, na hapo uso wangu unakunjuka. Tuufikie utamu.

Taita Taveta ni moja ya kaunti 14 zilizowekwa kwenye mradi wa KOSAP wa kupeleka nguvu za jua kule ambako nyaya za umeme hazijafika. Jua ambalo limetuunguza magoti miaka yote sasa linatupa kazi, na kazi hii ina elimu yake. Kijana akijifunza kwa video za intaneti, nyingi zimetengenezwa Ulaya na Marekani, ataambiwa paneli itazame kusini. Huku kwetu ni kinyume. Voi iko nyuzi tatu na nusu hivi kusini mwa Ikweta, kwa hiyo paneli inatazama kaskazini. Na usiilaze chali hata kama jua liko utosini. Iinamishe kiasi, nyuzi kumi au kumi na tano, ili mvua ikinyesha isombe vumbi letu jekundu. Paneli iliyolazwa chali hapa Voi hubeba udongo kama sinia, na mwenye nyumba atasema aliuziwa mbovu.

Halafu kuna kazi za kufunga ambazo hutazipata kila mahali. Nendeni Sagalla mkaone uzio wa nyuki. Tangu mwaka 2009, mtafiti Lucy King na wenzake wa shirika la Save the Elephants wamekuwa wakishirikiana na wakulima wa pale. Nguzo zinasimamishwa kuzunguka shamba, mizinga inaning'inizwa katikati ya nguzo, na waya mmoja unaiunganisha yote. Tembo akija usiku kutafuta mahindi, anaugusa waya, mizinga inayumba, nyuki wanatoka. Tembo hapendi nyuki kabisa. Sasa fikirini ufundi wake: waya ukikaza mno mzinga hauyumbi, ukilegea mno unashuka chini na tembo anauvuka. Mzinga unatakiwa kivuli, la sivyo nyuki wanahama. Mtu aliyejifunza kukaza waya kwa mkono na kusikiliza unavyolia, huyo analinda chakula cha familia nzima, na hakuna bunduki iliyolia.

Tembo hao hao, wakati wa ukame, wananusa maji ndani ya mabomba na matangi. Wanavunja. Kwa hiyo fundi wa bomba wa upande wetu huzika bomba chini zaidi kuliko fundi wa Mombasa, na mahali pa kuweka tangi huchaguliwa kwa kufikiria mnyama pamoja na mtu. Tena maji ya visima vingi vya bondeni yana chumvi, yanakula koki za chuma. Haya hayamo kwenye vitabu vingi. Yamo vichwani mwa mafundi wetu.

Na utamu mkubwa kuliko wote unatokea pale pale ulipotokea uchungu: anaingia mwisho. Mchimba msingi haoni nyumba. Mwashi anaacha kuta tupu. Fundi wa kufunga ndiye aliyepo siku maji yanapotoka kwenye koki mara ya kwanza, yakikohoa hewa, kisha yakatulia. Yeye ndiye anayembonyezea mzee swichi. Nimemwona bibi mmoja upande wa Kasigau, taa ilipowaka alikwenda akaizima mwenyewe, akaiwasha, akaizima, akaiwasha, kisha akamletea fundi kuku. Fundi yule alikuwa bado anadai nusu ya pesa zake, na alilipwa baadaye kidogo kidogo, lakini hadi leo akipita kijiji kile anaitwa ndani kwa jina. Nyumba zinavuja miaka mingi baada ya mwashi kusahaulika. Paa lililofungwa sawasawa, watu wanamkumbuka aliyelifunga.

Basi, wenye nyumba mnaonisikiliza. Vuli ikikaribia, kila anayejenga anataka paa kabla ya mvua, ndiyo maana mafundi wanavutwa huku na huku na kazi inafanywa mbio. Mwite fundi wako wa paa sasa, kuta zikiwa bado kwenye linta. Mpe posho ya siku moja aje na tepu yake apime kona kwa kona mwashi akiwa bado yuko pale. Kosa likionekana siku hiyo, litarekebishwa na aliyelifanya. Na zile pesa za leba ya paa, ziweke kando kwenye simu nyingine au mpe mtu unayemwamini, msingi usizifikie.

Nanyi mafundi wa dari, wa mabomba, wa madirisha, ambao leo sikuwagusa sana, nileteeni yenu. Wiki ijayo saa kama hii nitakuwa na mwashi mmoja wa siku nyingi kutoka Mwatate, aje ajibu niliyoyasema juu ya kuta zao, maana nao wana lao la kusema juu ya waliochora ramani.